Mwenye Nyumba Niliyemtunga Ameshuka kwenye Teksi

Wiki iliyopita niliwaacha mmesimama nami getini. Teksi imefika, mlango umefunguka, na mwanamume mmoja mwembamba mwenye sanduku la magurudumu ametamka maneno yaliyonikata maini: "Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

Kwa aliyenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitamfupishia aibu yangu. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Nilipostaafu, mafao yangu yalichanganywa na pesa za kiwanja ambacho mke wangu aliachiwa na baba yake, tukanunua nyumba ya vyumba sita kutoka kwa bibi mmoja mjane. Aliyetuunganisha ni dalali. Mpango ulikuwa tukae tule kodi uzeeni.

Mwezi wa kwanza paa likavuja. Wa pili shimo la maji machafu likajaa. Wa tatu mpangaji wa chumba cha sita akahama alfajiri na balbu, kitasa na dirisha la choo. Hilo dirisha alilitoaje sijui mpaka leo. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki na nyumba tupu.

Dalali akaniona nimekonda, akaninong'oneza: "Mzee, kosa lako ulijitambulisha kuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anadaiwa kila kitu. Wapangaji wapya wakija, wewe jifanye msimamizi. Msimamizi kazi yake kupeleka ujumbe."

Nikauona ushauri huo ni dhahabu. Wapangaji wapya walipokuja, nikawafungulia milango nikiwa msimamizi. Mwenye nyumba nikamtunga. Nikamweka ng'ambo, nikampa mwili mkubwa, nikampa kisukari na hasira za karibu, kisha nikamvisha ubahili wangu wote. Ukinijia na bomba linalovuja, natoka uani na simu sikioni, nambembeleza bosi mbele ya macho yako mpaka unanionea huruma. Simu yenyewe imezimwa.

Miezi mitano niliishi hivyo, nikilala usingizi wa mtoto. Sasa bosi amesimama getini na anaomba maji ya kunywa.

Aliyemkimbilia na glasi ni Fundi Cherehani wa chumba cha nne. Mama huyu ana futi ya kupimia shingoni saa zote, na jambo akilivalia njuga halitoki mikononi mwake. Alimtazama mgeni kutoka juu mpaka chini kama anataka kumkatia suti.

"Ndiye bosi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mbona msimamizi alituambia wewe ni mnene?"

Kinyozi wa chumba cha pili akaingilia, kitana bado kiko mkononi. "Fundi, si tuliambiwa ana kisukari? Kile kinamkausha mtu mpaka anabaki mifupa."

"Ee, kweli. Pole sana, bosi. Umekwisha."

Mgeni akajitazama tumbo, akatutazama. "Nashukuru," akasema.

Hapo nikajua nashughulika na nani. Huyu ni tapeli. Mji mzima umesikia habari za nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kuonekana, na mtu mmoja mwenye akili ya wizi akaona nafasi, akanunua sanduku, akakodi teksi. Nikafungua mdomo nimwambie Kinyozi amshike shati.

Nikaufunga tena. Ukimwita mtu tapeli lazima useme mwenye mali ni nani. Nikaangaza macho, nikakutana na Mama Pacha wa chumba cha tano. Miezi miwili Mama Pacha amekuwa akikinga mvua kwa beseni mbili, watoto amewasukumia upande mmoja wa kitanda. Nilimwambia bosi amenikatia simu usoni. Hata machozi nilitoa. Alinipa leso.

"Na wewe ndiye msimamizi?" mgeni akaniuliza.

"Ndiyo, bosi."

Neno "bosi" lilinitoka lenyewe. Lilikuwa limezoea njia.

Nakiri jambo moja, mnitukane kama mnataka. Moyoni nilijiambia: mwache aingie. Ataambiwa habari za paa, atasema hapana. Ataambiwa habari za shimo, atasema hapana. Wapangaji watamchukia, ataona hakuna kitu hapa, ataondoka, na mimi nitabaki na bosi mbaya aliyethibitishwa. Niliona nimebahatika.

Basi tukamzungusha. Chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta. Kwenye korido alisimama, akaweka kiganja mahali rangi imebanduka.

"Huu ukuta zamani ulikuwa wa kijani," akasema.

Nikacheka kimoyomoyo. Kijani kilikuwa kinaonekana pale pale chini ya rangi iliyobanduka, kila mwenye macho anakiona. Matapeli wa siku hizi wanajua kuigiza.

Mama Pacha akamwonyesha dari. Ilikuwa na madoa ya maji mpaka karibu na taa.

"Hapa analala nani?"

"Mimi na watoto wangu wawili."

Jamaa akasogea ndani. Alitazama beseni, akatazama kitanda, akatazama viatu vinne vidogo vilivyopangwa juu ya kabati visilowe. "Wiki ijayo paa hili linaezekwa upya," akasema. "Lote, siyo viraka."

Mama Pacha akapiga vigelegele, korido ikajaa watu.

"Na shimo, bosi?" Kinyozi akadakia. "Wateja wangu wananyolewa wameziba pua."

"Shimo litanyonywa, kisha litajengwa upya."

"Na bomba la uani?"

"Na bomba."

Kila ndiyo yake ilinichoma. Huyu alikuwa anagawa vitu ambavyo mimi mwenye nyumba halisi nilikuwa nimevikataa kwa akili na jasho kwa miezi mitano. Kwa robo saa tu akawa kipenzi cha watu. Fundi Cherehani alikuwa ameshamletea kiti. Kiti changu.

"Kodi mnampa nani?" akauliza alipoketi.

"Msimamizi. Naye anakutumia wewe ng'ambo."

Akanigeukia polepole. "Ananitumia mimi?"

"Siku hiyo hiyo," Kinyozi akanisifu. "Mzee huyu ni mwaminifu, bosi. Hata senti haigusi. Tunamwona anavyovaa."

"Vizuri," mgeni akasema. "Kuanzia leo msimpe mtu chochote. Kesho saa nne asubuhi nitakuja na karani wa mtaa, tuandikishane upya."

Nilimfuata nyuma ya bafu alipoenda kunawa mikono. Hapo hakuna anayesikia kwa sababu bomba linapiga kelele.

"Wewe ni nani?" nikamkaba kwa sauti ya chini.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hayupo. Mimi ndiye niliyemtunga."

Akafunga bomba. Bomba lile huwa halifungi, lakini kwake lilifunga. Akanitazama kwa mshangao.

"Unaniambia umewadanganya hawa kwamba nyumba ina mwenyewe yuko ng'ambo?"

"Usijifanye hujui."

"Mimi nimekaa ng'ambo miaka kumi na tisa, mzee. Tangu nifike hapa najiuliza umejuaje."

Nikamwambia kejeli zake akamfanyie mama yake. Akakunja uso kidogo, kama nimemkanyaga mahali panapouma. Kisha akachukua sanduku lake, akaaga wapangaji wote kwa mkono, akapanda teksi.

Nilikwenda mbio kwa dalali. Ofisi yake ni kibanda cha mabati chenye ubao nje, na ndani kuna meza moja na viti viwili visivyolingana. Nilimkuta anakunywa chai na maandazi, amestarehe. Nikammwagia habari yote. Mwanzoni alikuwa anacheka. Nilipofika kwenye sanduku, akaacha kucheka.

"Ana umri gani?"

"Arobaini na kitu."

"Mwembamba?"

"Mwembamba. Unamjua?"

"Nitamjuaje mimi?" Akasukuma kikombe mbali. "Alisema jina la baba yake?"

"Baba yake anahusikaje? Wewe ndiye uliyenifundisha mchezo wa msimamizi. Nani mwingine anaujua? Umemtuma wewe, umeona mzee mjinga, mkala njama."

Nilitegemea atafoka. Watu wa kazi yake wanajua kufoka. Badala yake aliinuka, akatoka nje, akauinamisha ubao wake na kuuingiza ndani.

"Mzee, ile hati ulishaihamisha ikawa kwa jina lako?"

Msomaji wangu, nikueleze. Hati ile ilikuwa bado inasoma jina la marehemu mume wa yule bibi. Siku tuliponunua, bibi alisema hana mtoto, hana ndugu, yuko yeye na Mungu wake. Mke wangu alitaka twende kwa wakili akachunguze mambo ya mirathi. Nikamwambia ada ya wakili ni bei ya mabati kumi, na bibi wa watu ana uso wa huruma. Tukaandikiana mkataba juu ya meza ya dalali, dalali akawa shahidi, tukapeana mikono.

"Bado," nikasema.

"Mimi nina safari," akasema dalali. Akafunga kofuli, akaondoka. Maandazi mawili yalibaki mezani kwenye sahani, na huyu si mtu wa kuacha maandazi.

Nikasadiki kabisa kwamba yeye na tapeli ni kitu kimoja.

Jioni nilimkuta mke wangu anasahihisha madaftari. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kalamu nyekundu mkononi mwake inanitisha hata mimi. Alikuwa hajui kitu. Alidhani mumewe ni mwenye nyumba anayeheshimika, anatoka asubuhi kuikagua mali yake na kurudi jioni.

Nikakaa upande wa pili wa meza, nikaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuweka alama za vyema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Rudia hapo kwenye simu iliyozimwa."

Nikarudia. Nikaonyesha na jinsi nilivyokuwa nikisema "tafadhali bosi, wana watoto wadogo." Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini, akafuta machozi kwa upande wa khanga, nami nikaanza kucheka, nikifikiri yamekwisha.

Akaacha ghafla.

"Baba watoto, mimi baba yangu aliniachia kitu kimoja duniani. Kile kiwanja. Ndugu zangu walikitaka, nikagombana nao miaka minne. Nikakuuzia wewe roho yangu ili upate nyumba. Sasa unaniambia nyumba imekaliwa na mtu uliyemtunga?"

Niliona aibu ya kweli, ile inayokufanya utazame mikono yako mwenyewe. Bila nyumba ile hatuna kingine, na yeye ndiye aliyetoa zaidi.

Akaenda chumbani, akarudi na faili la mkataba. Akausoma taratibu. Una majina yetu mawili, lake likiwa la kwanza, kwa sababu siku ile alisema kiwanja kimetangulia mafao.

"Kuna karatasi gani nyingine unayonificha?"

"Hakuna."

"Baba watoto."

Nikaenda kuitoa kwenye kiatu. Ilikuwa notisi ya manispaa. Shimo letu linamwaga maji barabarani, mwenye nyumba anatakiwa asaini kukubali kosa, alipe faini na ajenge shimo jipya, la sivyo atapelekwa mahakamani. Nilikuwa nimemwambia aliyeileta kwamba mimi ni msimamizi tu, nitaifikisha ng'ambo.

Nilijiandaa kupigwa na daftari. Lakini mke wangu alivyosoma karatasi ile, uso wake ukaanza kung'aa.

"Hii ndiyo dawa yake," akasema. "Mtu wa namna hiyo amefuata kodi, hakufuata kesi. Kesho mbele ya karani tutamkabidhi hii. Asaini yeye ni mwenye nyumba, abebe faini na mahakama. Utaona atakavyoingia mitini na sanduku lake."

Nilimpenda sana mke wangu jioni ile. Nilimwogopa pia, kwa kiasi kile kile.

"Ila wewe," akaninyooshea kalamu, "kesho usiseme neno mpaka nifike. Nitapita shuleni kwanza kuomba ruhusa. Hata salamu, itikia kwa kichwa."

Saa nne asubuhi uani pamejaa. Karani wa mtaa ameketi nyuma ya meza ya kukatia nguo ya Fundi Cherehani, daftari lake kubwa limefunguliwa. Mgeni ameketi kwenye kiti changu. Mke wangu hajafika.

Nilijikaza. Nilijikaza dakika kumi nzima. Kisha karani akasafisha koo na kusema, "Kwa hiyo leo tunamtambua rasmi mwenye nyumba," na watu wakapiga makofi, na ulimi wangu ukavunja amri.

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema, nikasimama. "Mimi ndiye niliyenunua nyumba hii. Huyu ni tapeli. Bosi niliyekuwa nikimpigia simu hakuwepo, niliwadanganya."

Nikasubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Fundi Cherehani akaanza kulia.

"Mnaona," akasema, "mnaona mateso yanavyomfanya mtu? Mzee wa watu ametukanwa kwenye simu miezi mitano kwa ajili yetu. Sasa amechanganyikiwa."

"Nina akili zangu timamu, fundi."

"Ndivyo wanavyosema wote," Kinyozi akaninong'oneza, akanishika bega kwa upole. "Kaa, mzee. Utapata tu nafuu."

"Kinyozi, nakwambia mimi ndiye niliyekataa kuziba paa."

Mama Pacha akatikisa kichwa. "Usijisingizie, baba. Uliliombea lile paa mpaka ukalia. Mimi nilikuwepo." Akamgeukia mgeni. "Bosi, tunakuomba usimfukuze kazi. Mpe hata likizo."

Karani akafunua kurasa za nyuma za daftari, akageuza ili nisome. "Huu mwandiko wa nani?"

Ulikuwa wangu. Mtaa ulipochangisha wenye nyumba pesa za mtaro, niliandika kwa mkono wangu: Mimi ni msimamizi, mwenye nyumba yuko ng'ambo. Nilisaini chini, na kwa kiherehere nikapigia mstari neno "msimamizi" mara mbili.

Nikakaa.

Hapo ndipo mke wangu alipoingia, faili kwapani, amevaa gauni lake la siku za wazazi. Alinitupia jicho moja tu, akajua nimeshaharibu. Hakusitasita.

"Hamjambo. Mimi ni mke wa msimamizi," akasema. "Nimefurahi kusikia bosi amefika, maana kuna mzigo wake tumeutunza muda mrefu."

Akaweka faili mezani, akatoa notisi, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akamweleza kila mstari kwa sauti ya darasani: kosa, faini, shimo jipya, mahakama. "Anayesaini hapa ndiye mwenye nyumba, na ndiye atakayeitwa mahakamani kama kuna tatizo. Si ndivyo, karani?"

"Ndivyo," karani akasema.

Nikamtazama mgeni. Nilikuwa nasubiri jasho, nasubiri aulize choo kiko wapi. Niliona hata ukuta atakaoruka.

Alisoma mpaka mwisho. Akasoma tena.

"Hii ni ya miezi miwili iliyopita," akasema. "Watu wameishi na uchafu huu miezi miwili?" Akapapasa mfuko wa shati. "Nani ana kalamu?"

Mke wangu ndiye aliyekuwa na kalamu. Alimpa.

Akasaini. Akatoa pesa za faini, akampa karani, akaomba risiti. Karani akaandika risiti, akaguna kusoma jina, akauliza, "Na jina la baba?"

Mgeni akalitaja.

Nililijua jina lile. Nilikuwa nimelisoma kwenye hati usiku na mchana, nikisema wiki ijayo nitakwenda kulibadilisha. Ni jina la marehemu mume wa yule bibi.

"Ni baba yangu," mgeni akasema. Akafungua sanduku, akatoa cheti chake cha kuzaliwa, akakiweka juu ya risiti. "Nililelewa humu ndani. Chumba cha tano kilikuwa changu. Baba alioa tena mimi nikiwa mkubwa, sikuelewana na yule mama, nikaondoka. Mwaka huu nimepata habari kwamba baba amefariki na yeye ameuza nyumba kupitia dalali mmoja, amewaambia watu marehemu hakuwa na mtoto."



Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amejishika kifua, macho yake yako kwenye kalamu nyekundu ambayo jamaa alikuwa bado ameishika.

"Kwa hiyo hukuja kuchukua kodi," nikasema kijinga.

"Nilikuja kuichukua nyumba, mzee." Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Jana nilipotoka hapa nilipita polisi, nikafungua jalada. Aliyeuza anatafutwa. Dalali amekamatwa stendi saa tatu usiku. Amesema wanunuzi, ambao anadai amesahau majina yao, walijua kila kitu, wakala njama na bibi ili wanunue kwa bei ya chini. Askari wanakuja hapa kunichukua tukamtafute aliyenunua."

"Huo ni uongo," nikasema. "Hakuna aliyejua kitu."

"Wewe umejuaje hakuna aliyejua?"

Watu wote wakanigeukia. Fundi Cherehani alikuwa ameacha kulia. Niliona anaanza kunitazama vile alivyomtazama mgeni jana, kutoka juu mpaka chini, akipima.

Karani akachukua kalamu yake.

"Mzee, nusu saa iliyopita ulisema umeinunua nyumba hii. Daftari langu linasema wewe ni msimamizi. Askari wakifika wataniuliza mimi. Nipe jibu moja niandike. Umenunua, au hukununua?"

Nje ya geti gari likasimama. Nikasikia milango miwili ikifungwa.

Ningesema nimenunua, watu wangeniamini leo, siku pekee nisiyotaka waniamini. Nilimwona mke wangu anatikisa kichwa, midomo inasema kitu, sikukisoma. Nilikuwa nimebanwa, mwenzangu, na mtu aliyebanwa hukimbilia mlango anaoujua.

"Mimi," nikasema, "ni msimamizi tu."

Karani akaandika. Akapigia mstari mara mbili.

"Sasa aliyenunua ni nani?" akauliza, na bila kusubiri jibu akalivuta lile faili ambalo mke wangu alikuwa ameliacha mezani. Akatoa mkataba. Akausogeza kwenye mwanga.

"Kuna majina mawili hapa," akasema. "La kwanza ni la mwanamke. Huyu mama yuko wapi?"

Askari wawili walikuwa wameshaingia uani, wamevua kofia.

Mke wangu akasimama.